Maswali ya Wasomaji: Mitaala Miwili Chini ya Paa Moja

Toleo hili tunajibu barua tatu kutoka Bagamoyo.

SWALI: Ninaongoza shule ya msingi. Tangu mtaala mpya uanze, kila muhula unakuja na mwongozo, fomu au semina. Walimu wangu si wakaidi, ila wamechoka, na ya semina hayafiki darasani. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, anzia kwenye mgawanyo wa vipindi. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, kisha ukawa unapanda na watoto. Ndiyo maana mwaka 2026 darasa la tano wako kwenye mtaala mpya, huku la sita na la saba wakimalizia wa zamani. Mwalimu wa Hisabati mwenye la tano na la sita anaandalia mihutasari miwili, na akichoka anabeba kwa mazoea kitabu cha upande usiohusika. Inapowezekana, mwalimu abaki upande mmoja. Mkiwa wachache, vitabu vya mtaala mpya vivalishwe jalada la rangi moja na vya zamani rangi nyingine. Jambo dogo, lakini linazuia makosa mengi.

Semina haifiki darasani kwa sababu aliyehudhuria akirudi hupewa dakika chache mwishoni mwa kikao, akasoma alichoandika, basi. Mpe kazi nyingine: ndani ya wiki mbili afundishe kipindi kimoja halisi mbele ya wenzake. Jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), walimu wanapokutana shuleni kujifunza pamoja, ndiyo mahali pake, na ilindwe isigeuke kikao cha matangazo. Saa moja yatosha: dakika 10 za kila mmoja kueleza alichojaribu tangu mlipokutana, dakika 35 za kufundisha na kujadili mbinu moja, dakika 15 za kukubaliana nani ataijaribu darasa gani na siku gani. Bila jina na siku, hakuna atakayejaribu.

Baada ya wiki tatu chukua madaftari matano kila darasa: mawili ya wanaofanya vizuri, moja la wa kati, mawili ya wanaosuasua. Andalio la somo linakuonyesha mwalimu alichokusudia. Daftari linakuonyesha kilichomfikia mtoto. Mkikuta mtoto amenakili ubaoni tu, mbinu mpya haijaingia, hata kama fomu zote zimejazwa.

Halafu punguza. Hili viongozi wengi hawalifanyi, na kwetu ndilo zito kuliko yote. Huwezi kufuta kinachotakiwa na serikali, lakini kila shule ina mizigo iliyojitwisha yenyewe: rejesta ya pili inayorudia ya kwanza, mtihani wa kila wiki usiosahihishwa kwa wakati, kikao cha Jumatatu kisicho na ajenda. Kila unapotangaza jipya, taja hapohapo linaloondoka. Na la shule yenyewe liwe moja kwa muhula. Ukihitaji mtu wa kukupitishia mpango wako, ADEM, wakala unaofundisha viongozi wa elimu, wako hapo hapo Bagamoyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Mwaka huu wa 2026 mwanangu wa kiume yuko la sita, mdogo wake la tano. Nasikia watamaliza pamoja. Mkubwa analia kwamba amerudishwa nyuma. Nimwambieje?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Ulilosikia ndivyo lilivyopangwa. Elimu ya msingi kwa mtaala mpya ni miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 mdogo atamaliza la sita na kaka yake la saba, na Januari 2028 wote wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza. Mwambie mkubwa sasa, wala usingoje aambiwe kwa kejeli na wenzake: yeye hakurudishwa popote, anamaliza miaka saba ileile aliyoanza nayo. Mdogo ndiye aliyepangiwa sita.

Nyumbani msiwashindanishe kwa alama, maana hawasomi muhtasari mmoja. Wakienda tuisheni, uliza mwalimu anatumia muhtasari upi kwa kila mmoja. Kuwaketisha wote kwenye mitihani ya zamani kunamvuruga mdogo. Na anza kuweka akiba mapema, kwani sare, madaftari na viatu vitatakiwa kwa wawili siku moja.

Walimu wanaosoma hapa: mambo haya yasemwe kwenye kikao cha wazazi mwaka mmoja kabla. Kwa wazazi wavuvi na wauza samaki, waulizeni wenyewe saa ya kikao kabla ya kuandika barua.

SWALI: Mimi ni mlezi wa serikali ya wanafunzi, sekondari. Kila mwaka viranja wapya wanaanza sifuri. Dawa ni nini?

JIBU: Daftari la makabidhiano, na wiki mbili za wa zamani na wapya kufanya kazi pamoja. Kila cheo kiandike ukurasa mmoja tu: kazi za kila siku, nani wa kumwendea jambo likikwama, na lililoshindikana pamoja na sababu yake. Hilo la mwisho huachwa wazi kwa aibu, kwa hiyo kaa nao wakati wanaliandika.

Kanuni ikibadilika, waite viranja siku moja kabla ya mstarini, uwaeleze sababu, kisha kila mmoja akuulize swali analodhani wenzake watamuuliza. Swali msilolipatia jibu lipelekeni kwa mkuu wa shule jioni hiyohiyo, kabla tangazo halijatoka.