Diploma ya sinema na picha: nani atakulipa kwa karatasi hiyo?

Vijana wa hapa Lubumbashi, Kongo, huniuliza kama inafaa kulipa minervali (ada ya chuo) ya miaka mitatu kusomea kamera, wakati jirani yao wa Katuba anapiga picha za harusi kila Jumamosi na hajawahi kukanyaga chuo. Mimi nilisoma, na nakula kwa kazi hii. Kabla sijajibu huwa nauliza: unataka kulipwa na nani?

Kama ni bibi harusi, usisome. Hakuna mama aliyewahi kuniomba diploma kabla ya kunipa avanse, yaani malipo ya kwanza. Anaomba kuona albamu ya binti wa fulani. Soko hilo lina bei yake, na haipandi kwa sababu wewe una licence, yaani digrii. Hufurika wakati wa kiangazi, Agosti hasa, kisha husinzia mvua zikikolea. Hapo unahitaji kamera mbili, maana moja inaweza kugoma padri akiwa anabariki pete, betri nyingi kwa kuwa umeme hauna ahadi, na moyo mgumu wa kushika picha mpaka solde, yaani pesa iliyobaki, iingie. (Shangazi wa bwana harusi atakuita mchoyo. Mwache aite.)

Kama unataka kulipwa na kampuni, hesabu ni nyingine kabisa. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi ziandikishane kaye de sharji (mkataba wa ahadi za maendeleo) na jamii zinazoishi jirani nazo, tena zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii hizo. Isome sheria hiyo kwa jicho la mpiga picha. Kila shule, kila kisima, kila zahanati lazima ionekane: kiwanja kikiwa kitupu, matofali yakipanda, siku ya kukata utepe, halafu filamu fupi ya kuwaonyesha wakubwa na wenye hisa. Pesa ya kamera ya Katanga iko hapo, ingawa darasani sikuwahi kusikia mtu akiitaja.

Ila kampuni hailipi mkononi. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni huwapa wengine waifanyie, imeziwekea kazi hizo kampuni ambazo mtaji wake mkubwa uko mikononi mwa Wakongomani. Basi unahitaji RCCM (namba ya usajili wa biashara), namba ya kodi, akaunti ya benki, na kujiandikisha ARSP, mamlaka ya serikali inayosimamia sutretansi. Zabuni ikitoka, dosye (makaratasi ya maombi) inadai CV za timu pamoja na nakala za diploma. Hapo ndipo karatasi yako inageuka pesa. Nina mwenzangu ambaye jicho lake linanishinda mbali, lakini hana diploma. Anapiga chini ya jina la wengine na kulipwa kwa siku, huku fakture (ankara) ikiandikwa na mtu ambaye hata lenzi hajui kuisafisha. Inaniuma kila mara, na sijaona njia ya kuizunguka.

Fanya hesabu na wazazi wako mezani. Tuseme minervali, usafiri na makaratasi ni dola 600 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 1,800, ambayo inatosha kununua kamera nzuri ya mtumba, lenzi na maikrofoni. Anayekusudia harusi anunue vifaa. Anayekusudia dosye za kampuni asome, lakini asisubiri mwaka wa mwisho ndipo ashike kamera.

Kusomea wapi? Wengi wanaota INA, chuo cha taifa cha sanaa cha Kinshasa. Kama huna ndugu wa kukulaza kule, ndege na kodi ya nyumba vitameza zaidi ya masomo yenyewe. Mimi humwambia mtu achukue mawasiliano UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na jioni afuatilie warsha za Picha, kituo cha sanaa cha mji huu. Mpiga picha Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu mwaka 1978, alisomea fasihi hapahapa UNILU kabla ya kwenda kusomea picha Strasbourg, Ufaransa. Na ndani ya masomo, shika vitu viwili ambavyo wenzako watavikimbia: sauti na maandishi. Mgodini kuna upepo na jenereta. Mwanakijiji anazungumza Kiswahili au Kibemba, na mkuu wa kampuni anataka kusoma tafsiri chini ya picha kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtu wa montaji (kuunganisha filamu) anayeweza hayo mawili hapungukiwi kazi mwezi wa Februari.

Mpwa wangu aliyeko Marekani naye alinipigia. Chuo cha jamii cha mji wake kina masomo ya miaka miwili ya filamu na picha. “Mjomba, nichukue deni?” Hapana, mama. Vyuo hivyo ni vya bei nafuu kwa wakazi, wastani wa dola kama 4,000 kwa mwaka, chini ya nusu ya vyuo vya serikali vya miaka minne. Na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msaada wa Pell wa serikali ya Marekani, ambao kwa kawaida haurudishwi. Nilimwambia aulize mambo mawili kabla ya kujiandikisha: je, masomo hayo yatahesabiwa akihamia chuo cha miaka minne, kwa maana digrii nyingine za huko zimekusudiwa kazi tu, na je, chuo kinaazima wanafunzi kamera na taa? Kikiazima, ni miaka miwili ya vifaa ambavyo hapa kwetu ungevinunua kwa jasho lako. Bado anasubiri jibu la swali la kwanza.

Wewe uliyebaki Lubumbashi na kupata zabuni yako, jua kwamba fakture ya kampuni huweza kulala siku 60 au 90. Usiache harusi za Jumamosi, ndizo zitakazokulisha katikati. Na usiondoke kwenda Kolwezi, kilomita kama 300, kwa mafuta yako mwenyewe: gari na malazi viandikwe kwenye bon de commande, karatasi ya kampuni ya kuagiza kazi, na vilipwe kabla hujafunga begi.