Jibu: Je, aliyevaa vazi la dubu alitukosea adabu?

Umeuliza kwa nini mwigizaji aliyevaa vazi la dubu alirudi nyuma mwanao alipomrukia, na kama huo ni utovu wa adabu. Hapana, alikuwa anajikinga tu. Ndani ya kile kichwa kikubwa mtu huona kupitia kitundu kidogo, mara nyingi mdomoni mwa mnyama, kwa hiyo anayemjia kwa nyuma au ubavuni hamwoni kabisa na hawezi kujikaza kabla ya kugongwa. Sasa mtu huyo awe na uti wa mgongo uliopinda, diski (kile kito laini kati ya pingili za mgongo) iliyochomoza ikabana mshipa wa fahamu, au pingili zilizoungwa kwa vyuma na skrubu. Utajuaje? Vazi linaficha hata mkanda wa mgongo. Kumning'inia shingoni au kumvuta mkia (watu wazima ndio wasumbufu zaidi, kusema kweli) kunaweza kumtonesha vibaya.

Mwendeeni kwa mbele, mnyooshee mkono, msubiri. Akifungua mikono, mkumbatieni taratibu. Akitikisa kichwa, simameni naye bega kwa bega mpige picha. Msimdai sababu, wengi hawaruhusiwi kuongea wakiwa ndani ya vazi. Kama ana msindikizaji, muulizeni yeye.