Kwa manesi wapya wa Lamu: safari ya kujifungua ipangwe mapema

Nyinyi mnaopangiwa vituo vya Basuba mtawahudumia kina mama wa Kiaweer, ambao wengi tumezoea kuwaita Waboni, kutoka Milimani, Mangai, Kiangwe na vijiji jirani. Mtaambiwa hawapendi hospitali. Msilimeze neno hilo. Kinachowashinda ni njia. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab, ianze mwaka 2015, msitu ule umejaa hofu, zahanati zimewahi kukaa zimefungwa kwa sababu ya usalama, na usiku kupata gari ni shida kubwa. Uchungu nao hauchagui saa.

Kwa hiyo nawasihi: safari ianze kupangwa siku ya kwanza mama anapokuja kliniki. Ukishampima presha na damu, ukampa vidonge vyake, usimwite anayefuata bado. Muulize: "Dada, uchungu ukikushika usiku, nani atakutoa hapa?" Wengi watajibu, "Mungu yupo." Itikia, kisha endelea. Pikipiki ya nani? Simu inashika wapi? Watoto watabaki na nani? Na nani mwenye kauli ya kusema twendeni?

Hilo la mwisho ndilo linalochelewesha watu. Mume anaweza kuwa msituni anarina asali, na mama mkwe hataki kuamua peke yake. Basi waite mapema wote watatu, msikilize mama mwenyewe kwanza, halafu mume aseme mbele ya mamake kwamba akiwa hayupo, wasimngoje.

Kujifungua katika vituo vya serikali kulifanywa bure mwaka 2013, lakini nauli haijawahi kuwa bure. Sasa kuna SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, na usajili wake unataka kitambulisho. Asiye nacho aanze kukifuatilia mimba ikiwa changa. Mwenye jamaa Mokowe au Hindi ahamie huko wiki za mwisho. Wa upande wa Kiunga wahesabu na bahari, maana kusi ikichachamaa, boti hulazimika kusubiri. Hata anayefika Mokowe kwa gari bado ana maji ya kuvuka ndipo aione hospitali ya King Fahd kisiwani Lamu.

Mkunga wa jadi msimsukume pembeni. Ndiye anayeitwa kwanza, na kina mama wanamwamini kuliko sisi wageni. Kaeni naye chini, mzungumze dalili za hatari kwa lugha ya nyumbani: kichwa kinachopasua na macho kuona kiza, uso kuvimba, degedege, mtoto kuacha kucheza. Damu baada ya kuzaa mwelezeni kwa kanga. Zikilowa mbili chepechepe, mama aondoke saa hiyo hiyo, hata kama anasema yuko sawa. Na hata kabla hazijalowa, akilegea au akitoka jasho la baridi, asingojewe.

Kwenye kituo, oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja baada ya kuzaa, ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Angalieni kipimajoto cha friji asubuhi na jioni, hasa sola inapodhoofu siku za mawingu, kwa sababu dawa iliyopata joto huonekana nzima kwenye chupa na mama akaendelea kuvuja damu.

Mkilazimika kumpeleka mbele, pigeni simu hospitali kabla hamjaondoka. Tajeni kundi lake la damu, na jamaa wawili walio tayari kutoa damu wapande naye.