Walimkimbia mfalme, mbona walibaki raia wake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba Wapuritani, Wakristo waliotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, walihama Uingereza kumkimbia mfalme. Halafu nasoma kuwa koloni lao la Massachusetts, huko Amerika, lilikuwa chini ya mfalme huyohuyo. Walimkimbia au hawakumkimbia?
Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Marahaba. Waliwakimbia zaidi maaskofu wake. Mfalme mwenyewe hawakumkana, walitaka tu awaache. Mwaka 1629 Charles wa Kwanza aliipa kampuni yao ya biashara hati ya kuendesha koloni, na hati hiyo haikusema kampuni ikutane wapi. John Winthrop, gavana wa kampuni, na wenzake walipopanda meli ya Arbella mwaka 1630, wakaondoka na hati hiyo! Ujanja huo unanifurahisha hadi leo: vikao ambavyo vingefanyika London, serikali ikitazama, vikahamia ng'ambo ya bahari. London ilipodai hati irudishwe mwaka 1634, hawakuirudisha. Wakaanza kujenga ngome mlangoni mwa bandari ya Boston. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Itazame shilingi yao ya fedha. Upande mmoja kuna mti wa msonobari, umezungukwa na jina la Massachusetts. Upande wa pili New England, jina la eneo lao, mwaka 1652 na XII, yaani peni 12. Sura ya mfalme haipo. Mwaka huo Uingereza haikuwa na mfalme, maana Charles alikatwa kichwa 1649. Lakini ufalme uliporudi 1660, Boston iliendelea kutengeneza sarafu kwa miaka mingi, na karibu zote zikaandikwa 1652. Wapo wanaosema huo ni mwaka wa sheria iliyoruhusu sarafu hizo, basi. Mimi naona walijiwekea kisingizio, kwa kuwa kutengeneza sarafu ni haki ya mfalme.

Ila usiwadhanie wapenda uhuru wa kila mtu. Kura ilikuwa ya wanaume waumini wa kanisa lao tu. Mary Dyer, wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, alinyongwa Boston mwaka 1660, na aliyeagiza unyongaji wa Waquaker ukome ni Charles wa Pili, mfalme waliyekuwa wakimkwepa.

Hati ilifutwa 1684. Ile mpya ya 1691 ilileta gavana anayeteuliwa na mfalme, na kura ikawa ya mwanamume mwenye mali, awe muumini wa kanisa lao au asiwe.