Mzee wa Kijiji Naye Alichomewa Nyumba

Mafunzo yangu ya kwanza ya uponyaji wa kiwewe niliyafanyia katika ukumbi wa kanisa karibu na Burnt Forest, mji mdogo wa Uasin Gishu, Kenya. Walikuja watu 22: wazee wa vijiji, manaibu wa chifu, akina mama wa vikundi na wachungaji wawili. Alasiri mvua ikaanza kupiga mabati, nikainuka nikafunga mlango ili tusikilizane. Mama mmoja aliyeketi nyuma akasimama akitetemeka, akafungua mlango, akatoka mvuani. Mzee aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza: "Mwalimu, huku hatufungi mlango wa kanisa."

Januari 1, 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Habari hiyo niliijua kama kila Mkenya anavyoijua. Sikujua ilivyokuwa bado imo mwilini mwa watu niliowaita waje kujifunza kuwaponya wengine.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeandaa mafunzo ya uponyaji wa kiwewe ni huu: mhesabu kiongozi kuwa majeruhi. Tume ya Waki, iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mamia ya maelfu walihama makwao. Wazee wa vijiji walikuwa humo humo. Kuna aliyechomewa nyumba, na kuna ambaye mwanawe mwenyewe alibeba mishale, na huyu wa pili huchukua muda mrefu zaidi kufungua mdomo. Tena Burnt Forest ilikuwa imeshapitia mapigano ya 1992. Ukimfundisha mtu kama huyo siku tatu, ukampa daftari na kumrudisha kijijini akasikilize machozi ya wenzake, umemtwika mzigo juu ya mzigo.

Kwa hiyo siku mbili za mwanzo siwafundishi kusaidia mtu yeyote. Tunashughulika na wao wenyewe. Wakikuyu hukaa peke yao, Wakalenjin peke yao, maana ndio waliopigana huku, kila kundi kwa lugha yake ya nyumbani, kisha siku ya tatu tunaketi pamoja. Wapo wenzangu wanaonilaumu kwamba naanza amani kwa kugawa makabila. Hofu yao naielewa. Lakini nimewahi kuwachanganya tangu asubuhi ya kwanza, na nilichopata ni hotuba. Kiswahili chetu cha barazani kimejaa "tudumishe amani" na "tuishi kama ndugu", na mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno hayo wiki nzima.

Zoezi linalonisaidia sana ni la kamba. Kila mtu anainyoosha kamba yake chini kama maisha yake, anaweka ua palipo na furaha na jiwe palipo na maumivu. Wengi huweka jiwe na kutaja mwaka tu. Mwaka unatosha. Usimvute mtu asimulie yote mbele ya watu, kwa sababu jioni wewe utapanda gari urudi mjini, naye atalala na kile ulichokifukua.

Wala usikimbilie msamaha. Mama yule wa mvuani aliniambia baadaye, "Niliambiwa nisamehe kabla sijaulizwa nilimpoteza nani." Wachungaji huumia nikisema hivi, lakini nasema.

Baada ya hapo mafunzo yenyewe ni mepesi. Kutambua dalili: kijana anayeshinda kwenye chang'aa tangu asubuhi, mama anayeshtuka kila pikipiki inapolia usiku, mzee aliyeacha kabisa kwenda shambani. Kumtuliza aliyepatwa na hofu ya ghafla kwa kukanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili, kuvuta pumzi taratibu na kutaja vitu anavyoviona. Kusikiliza bila kutoa hukumu, jambo gumu kwa mzee aliyezoea kuamua kesi za mipaka. Na kujua pa kuishia. Mtu anayezungumzia kujiua hapelekwi kwa mzee wa kijiji, anasindikizwa zahanati, na kutoka huko hadi hospitali ya rufaa pale Eldoret.

Kama una pesa za mafunzo ya siku tano, tumia za siku tatu. Zilizobaki ziwe nauli na chai ya kuwakutanisha viongozi hao kila mwezi kwa mwaka mzima, wazungumze mizigo yao wenyewe. Mwaka wa uchaguzi waite mapema zaidi. Neno kama "madoadoa", la kuwabeza watu wa kabila jingine wanaoishi hapo, likianza tu kusikika kwenye mikutano ya siasa, usingizi hukatika nyumba nyingi.

Katika mkutano mmoja wa kila mwezi tulizungumza habari za moshi. Mavuno yakiisha, mwisho wa mwaka, kuna wanaochoma mabua ya mahindi, na miezi ni ileile ya ghasia. Mzee mmoja Mkikuyu alisema kila akiona moshi ng'ambo ya mto hutoa ng'ombe zizini. Jirani yake Mkalenjin, aliyekuwa akichoma mabua hayo miaka yote, alikuwa hajawahi kuambiwa. Desemba iliyofuata alimtuma mtoto wake avuke mto kwanza: "Baba anasema kesho asubuhi anachoma mabua."