Nisome khitma ya baba ilhali siamini?

Kijana wa miaka 31, mwalimu wa sekondari Lindi mjini, ameniandikia kwamba baba yake alifariki wiki tatu zilizopita, na mama anataka yeye, mtoto wa kwanza wa kiume aliyehitimu madrasa, asome khitma ya arobaini, yaani kisomo cha Qurani nzima kwa ajili ya marehemu, na kuwasalisha watu siku hiyo. Kwa miaka minne sasa haamini kuwa kuna Mungu. Rafiki pekee anayejua humwambia kwamba akisoma ni mnafiki, na asipotamka kwamba ana hakika hakuna Mungu, basi ni mwoga. Anauliza pia: kama baada ya kifo hakuna kitu, kuna maana gani kupuliza salfa kwenye mikorosho ya marehemu?

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mimi ninasali, nami nakwambia mapema ili umjue unayezungumza naye. Barua yako haikunichukiza.

Nianze na hakika, maana ndiyo rafiki yako anayokubana nayo. Umeniambia kwamba ukiitafuta imani moyoni huikuti. Hiyo ni habari ya moyo wako, na hakuna wa kukubishia. Kusema una hakika kwamba hakuna mungu wa namna yoyote ni dai juu ya ulimwengu mzima, lenye mzigo wa ushahidi kama lilivyo dai la anayesema yupo. Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, aliona tofauti hiyo kiasi kwamba mwaka 1869 alibuni neno mahususi la kumtaja mtu anayekiri kwamba katika jambo hili hajui. Hata Imamu Ghazali, mwanazuoni aliyeacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095, aliandika waziwazi kwamba kuna wakati, kwa karibu miezi miwili, alitilia shaka kila kitu, hata yale aliyoyaona kwa macho yake. Yeye alirudi kwenye yakini, na simtaji ili kukuvuta urudi. Namtaja ili usijione mtu wa kwanza kusimama hapo ulipo.

Sasa khitma. Nililelewa Newala, ambako nyakati za jando midimu hutoka kucheza: mtu amevaa kinyago cha mti kichwani, mwili wote umefunikwa nguo, na watoto huambiwa kwamba huo ni mzimu. Wavulana hufunuliwa siri hiyo jandoni. Sisi wasichana tulitakiwa tusijue. Nilipokuwa na miaka tisa hivi, ndimu mmoja alinikimbiza hadi nyuma ya ghala, nikajikunyata chini, na pale chini nikaona kisigino chenye kovu pana la jembe, kovu nililoliona kila jioni mjomba aliponawa miguu. Sikusema kitu. Mwaka uliofuata nilikimbia tena na wenzangu, nikapiga mayowe kuliko wote, na ngoma haikupungua utamu, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuelewa kinachofanyika pale: kijiji kizima kilikuwa kikiwapokea vijana wake kwenye utu uzima, na mjomba alikubali kulificha jina lake ili jambo hilo lionekane kwa macho. Siilinganishi Qurani na kinyago. Mama yako angeumia, nami pia. Nasema tu kwamba mtu anaweza kushiriki tendo kwa moyo wake wote bila kulisadiki neno kwa neno, iwapo anajua tendo hilo limebeba nini. Juzuu 30 zitagawanywa, na kila aliyeketi mkekani atasoma yake kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hayupo. Wewe chukua yako, uisome kwa sauti ile ile ambayo baba alilipa ada ya madrasa ili uipate. Huo sio unafiki.

Kusalisha ni jambo jingine, na hapo nakuzuia. Maamuma, yaani anayesali nyuma ya imamu, huifungamanisha sala yake na ya imamu. Wanaosimama nyuma yako wanakuamini kwamba unaelekea wanakoelekea wao, na huna haki ya kuwachukulia amana hiyo huku ukijua usemi wako haumo moyoni. Kataa kwa upole, lakini kataa.

Kumwambia mama yote, subiri. Yumo edani, kipindi cha mjane kumkalia mumewe, na miezi minne na siku kumi haijatimia. Mwache amlilie mumewe kwanza kabla hajaanza kumlilia mwanawe. Ikitimia, mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na rafiki yako. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inakulinda katika imani na hata katika kubadili imani, ila sheria haitakusaidia kumtazama mama machoni.

Na mikorosho? Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaozuiwa kwa salfa, haungoji ujibu swali la maisha baada ya kifo. Baba aliipanda akijua kwamba mingine itazaa yeye akiwa hayupo, na mama yako atakula kwa korosho hizo msimu huu. Mimi naiona maana hapo hapo, shambani, kabla sijafika kwenye imani yangu. Nenda kapulize asubuhi na mapema, umande ukingali majanini.

Leo jioni kaa na mama umwambie: "Mama, khitma nitaisoma, na nitaisoma vizuri. Mbele asimame baba mdogo."