Cheti cha Afya na Bima: Ushauri kwa Wanaoanza Urubani Marekani

Vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda Marekani kusomea urubani kwa kawaida huulizia kwanza gharama ya saa moja ya kuruka, ilhali ingefaa waanze na cheti cha afya. Bila cheti hicho mwanafunzi anayelenga leseni ya rubani binafsi, yaani asiyerusha ndege kwa malipo, kwa kawaida haruhusiwi kurusha ndege peke yake, na ni hasara kulipia masomo ya miezi kadhaa ndipo ugundue kwamba dawa unayotumia inahitaji uchunguzi mrefu. Asiye raia aombe mapema pia kibali cha usalama cha TSA, idara ya Marekani ya usalama wa usafiri.

Rubani binafsi hutakiwa kuwa na cheti cha daraja la tatu. Aliyepimwa kabla ya kutimiza miaka 40 hukitumia kwa miezi 60, na aliyefikia umri huo kwa miezi 24, hadi siku ya mwisho ya mwezi wa kumalizika. Fomu ya maombi huuliza maradhi, dawa na hata kesi za kuendesha gari ukiwa umelewa, nawe ujibu ukweli mtupu, kwani kudanganya humo ni kosa la jinai na kunaweza kukupotezea leseni zote. Mwenye tatizo la kiafya lenye utata amwone daktari wa anga, yaani aliyeidhinishwa kupima marubani, kwa mashauriano kabla ya upimaji rasmi, ili ajue ripoti zipi za hospitali aje nazo. Nasisitiza hili kwa sababu utaratibu wa BasicMed, ulioanza Mei 2017, humwezesha rubani aliyewahi kuwa na cheti kuruka bila kukihuisha, mradi apimwe na daktari wa kawaida kila miezi 48 na asome kozi ya mtandaoni kila miezi 24, lakini mtu ambaye ombi lake la mwisho la cheti lilikataliwa hawezi kuutumia.

Kuhusu bima, wengi wanaokodi ndege hudhani kwamba bima ya shule au klabu inawalinda wao. Mara nyingi humlinda mwenye ndege, na kampuni ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe ikudai fedha hizo. Kwa hiyo kata bima yako mwenyewe ya mtu anayekodi ndege. Soma pia vikomo vyake, maana mkataba wa dola 1,000,000 kwa ajali moja huweza kuweka ukomo wa dola 100,000 tu kwa kila abiria. Mikataba mingi hudai pia kwamba cheti cha afya kiwe hai na tathmini ya urubani ya kila miezi 24 iwe imefanyika.

Kwa mwalimu mambo yanahitaji uangalifu zaidi. Sheria inamruhusu kufundisha bila cheti cha afya ikiwa anayefundishwa ana sifa zote za kubeba dhamana ya ndege, yaani kuwa rubani mkuu wake, na kuirusha, bali akiwa na mwanafunzi wa mwanzo dhamana hiyo ni yake, na lazima awe na cheti au awe ametimiza masharti ya BasicMed. Kumbukumbu za wanafunzi aliowaidhinisha kuruka peke yao au kufanya mtihani azitunze kwa miaka 3. Anapofundisha katika ndege ya mwanafunzi, atambue kwamba kuruhusiwa na mkataba wa mwenye ndege kuirusha hakumfanyi awe amekatiwa bima. Aombe jina lake liongezwe kwa maandishi miongoni mwa wanaolindwa na mkataba huo, au akate bima yake inayotaja kazi ya kufundisha, na aendelee kuilipia hata baada ya somo la mwisho, kwani madai yanaweza kumfikia kutokana na ajali ya mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu.